Mwaka Niliohamisha Mdomo wa Tanki

Wiki iliyopita tulimzika Bi Mwanaidi. Nilikaa mkekani uani kwake, Nkuhungu, kisu mkononi, nikimenya vitunguu pamoja na wanawake wengine. Mmoja wao, jirani aliyehamia mtaani juzijuzi, akawa anaeleza kwa uhakika wote wa mtu asiyejua kitu kwamba jicho la kushoto la marehemu lilikuwa likitoka machozi muda wote kwa sababu ya uzee. Mambo ya uzee, alisema, na wenzake wakaitikia. Mimi nikainamia kitunguu changu. Uzee gani, jamani? Jicho lile lilianza kutoka machozi yule mama akiwa na miaka arobaini na kitu, ana nguvu za kubeba kreti ya samaki peke yake, na aliyesababisha ni mimi. Vitunguu vilikuwa vikali, vikanipa kisingizio kizuri cha kulia, nikakitumia. Nimerudi nyumbani nikaona bora niandike kabla na mimi sijaanza kusemewa mambo ya uzee.

Sitaandika nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo yana mahali pake, na wapo wanaoyajua kuliko mimi. Naanza na mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha ufundi wa magari nilichokikunja mara nne nikakitia mfukoni, na nilikuwa mwanamke pekee katika gereji ya Fundi Mdachi mjini Dodoma. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ambayo tulizoea kuyaona yana rafu tupu na mwenye duka anapiga miayo yalianza kujaa sabuni za rangi, betri, viatu vya plastiki na mafuta ya nywele. Vipuri navyo vikaanza kuingia kutoka Dubai, vingine vizuri, vingine takataka zilizofungwa kwenye karatasi inayong'aa. Magari yaliyokuwa yamelala juu ya mawe tangu enzi za foleni yakafufuliwa moja moja, na kila mwenye gari bovu uani akajiona mfanyabiashara. Gereji ilifurika. Tulifanya kazi mpaka vidole vikawa havihisi joto la chai.

Tulikuwa tunakula stoo. Nikifumba macho hata leo nakiona kile chumba: kuta za mabati, mlango wa mbao usiofunga, mikanda ya feni imening'inia misumarini, na katikati, juu ya boksi la injini lililogeuzwa, sinia la ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Tulikuwa wanne pale na Fundi Mdachi wa tano. Mtu mzima wa Kigogo huyu, mwembamba, mkali, anayekula bila kusema na kunywa chai bila sukari hata sukari ilipokuwa imerudi madukani. Wenzangu wote niliwaita kaka. Aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni kaka Yohana, ambaye alikuwa pale miaka minane na alijiona nusu ya mwenye gereji. Siku moja nilitangulia kutoka kwenda kuanua ovaroli nyuma ya stoo. Bati halifichi kitu. Nikamsikia Yohana anasema: "Yule dada mikono anayo, sikatai. Ila maswali! Hiki cha nini, kile cha nini, kama yuko darasa la kwanza. Fundi anatazama, anaelewa. Siku mteja akimsikia anauliza vile, si ataondoa gari lake?" Wakacheka. Kucheka kwao hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba Fundi Mdachi alikuwamo mle ndani, namsikia anavyovuta chai, na hakusema neno. Nilisimama na ovaroli mbichi mikononi, uso unawaka moto, nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayenisikia nikiuliza tena. Nilikuwa na kichwa kigumu, na kiapo hicho nilikishika kuliko nilivyowahi kushika sala.

Bi Mwanaidi alikuja mwezi wa tisa, wakati vumbi la Dodoma linaingia hadi kwenye meno. Alikuwa mtoto wa mjini hasa, wa zile koo ambazo mababu walifika na misafara ya biashara wakaoa wakakaa, na alikuwa akileta samaki kutoka Mtera. Pikapu yake ilikuwa ya kijani, ya zamani sana, yenye taa za duara na kichwa kilichoviringana, umri wake ukinizidi mimi. Seremala alikuwa amemjengea mbao nene pande zote mbili za bodi ili kreti ziweze kupangwa hadi juu. Kazi safi kabisa, ila yule seremala alifunika mdomo wa tanki. Ule mdomo ulikuwa ubavuni, nyuma ya mlango wa dereva, na sasa kila wakijaza mafuta walilazimika kufungua mbao mbili kwa spana na kuzirudishia. Alitaka mdomo uhamishwe, upandishwe juu, ukae kwenye kona nyuma ya kichwa cha gari, juu ya mbao.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Fundi kaenda Singida, kafiwa na shemeji yake. Atarudi Jumatano."

Yohana akajisogeza, anafuta mikono. "Mama, hiyo kazi ndogo, tuachie sisi."

"Nimemuuliza huyu," akasema Bi Mwanaidi bila hata kugeuka. "Binti, utaweza?"

"Naweza, mama."

"Unaweza, au unatamani kuweza?"

"Naweza."

Akanitazama kutoka viatu hadi kilemba. "Haya. Jumatano alfajiri nataka niwe njiani kwenda Mtera. Na gari langu uliguse wewe, sitaki mikono mingi." Akampa ufunguo Hamisi, mdogo wake wa kuzaliwa na ndiye dereva wake, anikabidhi mimi. Nikauona uso wa Yohana. Furaha niliyoipata pale sijaipata tena hata siku ya harusi yangu.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Bi Mwanaidi na mafuta, maana bila hilo hakuna atakayeelewa. Katika ile miaka ya vibali na foleni, petroli ilikuwa kitu cha kufichwa chini ya kitanda. Ulipewa kidogo, kwa barua, unakibeba kwa dumu, na dereva asiye mwaminifu angeweza kukinyonya kwa mpira usiku ukaamka na tanki kavu. Kwa hiyo Bi Mwanaidi alikuwa hamwachii mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika dumu, yeye mwenyewe ndiye aliyeweka faneli, na kwa kuwa geji ya gari ilikufa zamani, aliinamisha uso hadi kwenye mdomo wa tanki akachungulia na kusikiliza mafuta yanapanda. Alijua kwa sauti tu limebaki kiasi gani. Hamisi alizoea kusimama pembeni mikono nyuma. Jambo hilo lilikuwa maarufu mjini, tulikuwa tukimtania nalo, na mimi nililijua vizuri kabisa siku nilipoanza kazi.

Nilianza Jumatatu. Nilikuwa naogopa moto, na nasema kwa haki yangu kwamba nilikuwa mwangalifu kuliko wanaume wa pale. Nililishusha tanki, nikalimwaga, nikalitoa nje nikaliacha kwenye upepo mdomo wazi. Nikamfukuza mama muuza chai na jiko lake hadi ng'ambo ya barabara, akanitukana kwa Kigogo, nikamrudishia. Bodi niliitoboa kwa patasi na msumeno wa chuma, sikuwasha gesi ya kuchomelea hata mara moja. Yohana alipita na sigara nikampigia kelele mbele ya watu mpaka akaizima kwenye soli ya kiatu. Mdomo wa zamani nikaukata, nikatafuta bomba refu zaidi, nikalikunja kwa uangalifu, nikaunganisha na mpira mpya na klipu mbili kila upande. Na mfuniko: ule wa zamani ulikuwa umelegea, unacheza, harufu ya petroli inajaa ndani ya gari. Nikamwambia Hamisi anunue mpya, wa Dubai, wenye raba nene ndani. Ulifunga kabisa, hautoi hata pumzi. Niliusifia sana.

Sasa, pembeni ya shingo ya tanki kulikuwa na kibomba kidogo, chembamba kama kidole, chenye kipande cha mpira uliopasuka ambao zamani ulikwenda hadi kwenye mdomo. Ndani kilikuwa kimejaa udongo wa nyigu, umekauka, umekuwa jiwe. Nilikishika, nikakigeuza. Swali lilikuja hadi kwenye ulimi. Yohana alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kichwa chini ya boneti, anapiga mluzi. Ningesema tu, kaka, hiki cha nini? Labda angenijibu vizuri, labda na yeye hakujua. Sikuuliza. Nikajiambia: kimeziba miaka na miaka, na gari limetembea, basi hakina kazi. Tena mpira mwembamba wa kukifikisha juu sikuwa nao. Nikakizibua udongo kidogo kwa aibu ya uchafu, kisha nikachomeka bolti, nikakaza klipu juu yake ili kisivuje. Kazi ya dakika mbili. Nimetengeneza magari mengi tangu hapo, lakini zile dakika mbili ndizo ninazozikumbuka mikononi.

Jumanne jioni tukajaribu. Bi Mwanaidi alikuja na dumu lake la lita ishirini na faneli, akapanda, akamimina taratibu kama alivyomimina miaka yote. Yakashuka vizuri, hakuna tone lililomwagika. Akainamisha uso, akasikiliza. "Yanaingia kama maji mtungini," akasema, akanipiga begani. Hamisi akaniambia, kwa sifa, kwamba sasa hata habari ya madumu imekwisha: kule Mtera mfanyabiashara mmoja amefunga pampu mpya ya jenereta kwa ajili ya magari ya samaki, ukibonyeza tu tanki linajaa kabla hujamaliza kusalimiana. Wakirudi watajaza pale hadi juu. Nikacheka naye. Alfajiri wakaondoka.

Fundi Mdachi alirudi saa tatu asubuhi, begi bado begani, macho mekundu ya msibani. Alikunywa chai amesimama. Nikamweleza kazi yangu kwa majivuno, hatua kwa hatua, nikamwonyesha kipande cha bomba nilichokata. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Halafu akauliza: "Na kile kibomba kidogo ulikipeleka wapi?"

"Kilikuwa kimeziba, Mzee. Nimekifunga."

Akaweka kikombe chini. "Umekifunga."

"Kilikuwa na udongo wa nyigu tangu zamani. Gari lilikuwa linatembea."

"Lilikuwa linapumulia kwenye mfuniko mbovu, Sechelela! Mfuniko umefanyaje?"

"Nimeweka mpya," nikasema. "Unafunga kabisa."

"Umewahi kuzamisha chupa kwenye ndoo?" akaniuliza, sasa polepole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. "Inafanyaje?"

"Inagugumia," nikasema. "Inatema."

"Sasa fikiria humimini kwa dumu. Fikiria unasukuma kwa pampu, kwenye bomba refu lenye kona, na hewa haina pa kutokea. Watajaza wapi hawa?"

Nilipomwambia, nilikuwa tayari nauona uso wa Bi Mwanaidi umeinama juu ya ule mdomo, jicho moja ndani. Na niliona kingine, maana kila aliyewahi kufika Mtera anakijua: pale yanapopakia magari, wanawake wanakaanga perege na kambale katika makarai makubwa juu ya moto wa kuni, mstari mzima, hatua chache tu kutoka kwenye magari. Simu za mkononi hazikuwepo, na hata ya mezani ungempigia nani? Fundi Mdachi aliingia stoo akatoka na mpira mwembamba, klipu na spana mbili, akavitia kwenye begi lake la msiba baada ya kumwaga nguo zake chini. "Hajazi mafuta mpaka samaki wapatikane," akasema. "Mpaka saa kumi una nafasi. Nenda ukamwambie mwenyewe." Yohana alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilipata lori lililokuwa linapeleka saruji Iringa. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, akanitania kuhusu ovaroli yangu, akauliza mume wangu anazo ngapi, nikamjibu hovyo mpaka akanyamaza. Barabara ilikuwa ya udongo, mashimo matupu, na lori linapanda vilima kama mgonjwa. Nilikuwa nahesabu miti ya mikwaju, nikimaliza naanza upya. Mlowa tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa akiuza karanga kama ameona pikapu ya kijani. "Ile ya samaki? Ilizimika palepale ulipo," akasema. "Yule kijana akapanda nyuma, akafungua kifuniko, kikalia fyuuu! Wakashtuka wote. Akawasha, ikawaka, wakaenda zao." Tanki lilikuwa linakosa hewa, limejinyonya lenyewe kwa sababu ya ule mfuniko wangu wa sifa. Kwa muda mfupi nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaomba gari lizime tena, lizime kabisa, likwame porini lisifike.

Tulipofika Fufu nikauliza tena. Ndiyo, limezimika hapa pia, wakanijibu, lakini dereva ana akili, kaligundua: kautupa mfuniko ndani, kasokomeza tambara, na sasa linakwenda bila shida. Nikarudi kwenye lori nikakaa. Dereva akaniangalia akaniuliza, safari hii bila utani: "Dada, kuna mgonjwa huko?" Nikamwambia hajaugua bado. Sijui alielewa nini, ila alianza kukanyaga mafuta, na kwenye mteremko wa mwisho mifuko ya saruji ilikuwa inaruka nyuma yetu na yeye hajali. Kama yu hai bado, Mungu amzidishie.

Tulifika karibu saa kumi. Upepo ulikuwa unatoka bwawani, na niliisikia harufu ya samaki na mafuta ya kukaangia kabla sijaona kitu. Kisha nikaiona pikapu, imesimama kwenye pampu, kreti zimepangwa hadi juu ya mbao. Bi Mwanaidi alikuwa amepanda juu ya tairi, mkono mmoja umeshika ubao, mwingine umeshika bomba la pampu. Wakaangaji walikuwa pale pale, mioto minne au mitano, wakipiga soga. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Miaka yote pale petroli ilikuja kwa dumu na kumiminwa kwa faneli polepole, na moto ulikuwepo, na hakuna lililowahi kutokea. Nikaruka kutoka lori kabla halijasimama. Nikapiga kelele, lakini jenereta lilikuwa linanguruma hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikamwona akiinamisha uso.

Petroli ilirudi kama imerushwa na mtu. Ilimpiga usoni, ikamwagika kifuani, ikashuka kwenye khanga na gauni hadi miguuni. Bomba likamponyoka. Hamisi alilirukia, mtu wa pampu akazima, na jenereta likanyamaza polepole. Bi Mwanaidi alishuka kwenye tairi akipapasa, viganja machoni, analia, "Macho yangu! Macho yangu jamani!" Na wale wanawake, kwa moyo mzuri kabisa, wakasimama wote wakamwita. "Mama, njoo huku! Maji yapo huku! Njoo unawe!" Mmoja alikuwa tayari ameinua kopo. Naye, haoni kitu, akazifuata sauti zao. Alikuwa amelowa petroli, inadondoka kwenye pindo la khanga, na anakwenda moja kwa moja motoni.

Nilikimbia. Nilikuwa napiga kelele zimeni moto, rudi mama, simama, yote kwa pamoja, na nadhani hakuna aliyeelewa hata neno. Hamisi alikuwa upande wa pili wa gari. Nilimfikia ikiwa zimebaki hatua nne, labda tano, nikamkumba kiunoni kwa nguvu zangu zote, tukaanguka vumbini mimi juu yake. Akadhani ni mwizi. Alinipiga ngumi ya sikio, akanipiga nyingine ya mdomo, ana nguvu yule mama, na mimi namkumbatia tu, namburuta nyuma, mpaka nikaweza kusema karibu na uso wake: "Mama, ni Sechelela. Ni mimi. Kuna moto mbele yako." Akatulia ghafla. Nilisikia moyo wake unavyopiga juu ya mkono wangu. Hapo ndipo wale wanawake nao walipoelewa, wakapiga yowe, wakaanza kuteka mchanga kwa mikono kufukia kuni, makarai yakipinduka, samaki wakitawanyika ovyo.

Tulimpeleka ufukweni, upande unaotoka upepo. Wanawake walishika khanga wakatuzungushia, tukamvua, tukamwogesha, na mimi nikamwagia maji machoni kopo baada ya kopo, sijui mangapi, mpaka mikono ikafa ganzi. Akaazimwa gauni. Jicho la kulia lilianza kufunguka, jekundu kama nyama. La kushoto lilibaki limevimba. Nilipiga magoti mbele yake kwenye matope nikamwambia yote: kibomba, bolti, mfuniko, na kwamba nilitaka kuuliza nikaona aibu. Hamisi alikuwa nyuma yangu. "Dada, huyu angekuua!" akasema. "Angekuua, na bado unamsikiliza?" Bi Mwanaidi alinitazama kwa lile jicho moja, na sijawahi kuona mtu ana hasira kiasi kile. Nilisubiri anitemee mate. Ningeyapangusa nikashukuru.

"Umekuja na nini kwenye hilo begi?" akauliza.

"Mpira na spana."

"Basi unangoja nini?"

Nikaingia chini ya gari. Nikatoa bolti, nikachokonoa kibomba kwa waya mpaka nikaona mwanga upande wa pili, nikavuta mpira hadi juu nyuma ya kichwa cha gari, nikauinamisha mdomo wake chini usiingize vumbi, nikakaza klipu, nikazirudia, nikazirudia tena. Nilikuwa nalia chini kule na pua inatiririka, na damu ya mdomo imechanganyika humo. Nilipotoka, alikuwa amesimama pale pale kwenye pampu, kitambaa kimefungwa kwenye jicho la kushoto. Ilimlazimu Hamisi amshike mkono kufika. Akaliokota lile bomba la pampu, akalitia mkononi mwangu.

"Umetengeneza, au unatamani kuwa umetengeneza?"

Nilitaka kusema nadhani. Nilitaka kusema tumwite mtu aangalie. "Nimetengeneza," nikasema, "lakini mama, nenda ukasimame mbali kule."

"Sijakuuliza nisimame wapi," akasema. "Hamisi, waambie wawashe."

Hakusogea. Alisimama bega kwa bega na mimi, kashika mkono wa ovaroli yangu, na jenereta likanguruma. Nikabonyeza. Nilihisi mafuta yanavyoshuka, na kutoka kwenye ule mpira mwembamba pembeni ya kiwiko changu hewa ikatoka, baridi, mfululizo, bila kukatika. Hakuna kilichorudi. Tulijaza mpaka nikaona petroli inang'aa shingoni. Nikamwambia limejaa.

Kabla hatujaondoka alinivuta pembeni, mbali na Hamisi. "Fundi wako atakuuliza," akasema. "Mwambie ulinikuta sijajaza. Ulitengeneza, tukajaza, tukarudi."

"Mama, siwezi. Na jicho?"

"Jicho ni langu. Nikisema limeingia vumbi, limeingia vumbi. Huyu Hamisi nitamfunga mdomo mimi mwenyewe." Akajipangusa machozi chini ya kitambaa. "Akijua, hakupi tena spana, na wale vijana watakucheka mpaka ufungashe virago. Mimi gari langu nani atalitengeneza? Yohana? Kesho ukiona kitu hukijui utauliza mpaka watu wakuchukie. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nimeuliza maisha yangu yote tangu siku ile, mafundi niliowafundisha ni mashahidi, na wapo walionichukia kwa hilo. Lakini sehemu ile nyingine sijawahi kuisema hadi leo, amekwisha kufa yeye, amekwisha kufa Fundi Mdachi. Kesho yake asubuhi Fundi alinikuta mlangoni, hajalala. Akaniuliza nilimkuta katika hali gani. Nikamwambia nilimkuta hajajaza. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, akafunika uso kwa mikono, akasema asante Mungu, asante Mungu, mara nyingi. Kisha akainuka, akanishika mkono mbele ya Yohana na wenzake wote, akaniita fundi, na mimi nikaitika.